Nilivyomfukuza ndege wa mke wangu kwa salamu kule Mansfield

Wakuu, salaam kwenu nyote, kuanzia mlioko kazini mpaka mnaosomea chooni.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe. Mke wangu yumo humu jukwaani kwa ID ambayo hataki niitaje, na nikiongeza chumvi atanisahihisha mbele yenu. Kwa hiyo kaeni na amani, uongo wangu una polisi.

Kwa wasionifahamu, mimi niko Euless, kazi yangu ni kuhamisha watu. Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nadhani mwalimu alinimalizisha kwa kunichoka. Nilivyofika Texas nilianza kwa kubeba makochi ya watu mgongoni, ghorofa ya tatu, apartment haina lifti. Leo nina magari ya mizigo yenye jina langu ubavuni, kubwa, unalisoma ukiwa upande wa pili wa highway.

Kuna wenye digrii mbili humu ndani nimewahamisha kwa mikono yangu. Sitaji majina. Mna vitabu vizito sana.

Naona mtu ameshaandika "mkuu fupisha". Wewe ndiye mwenye vitabu.

Twende kwenye mada.

Mke wangu, Mama Neema, ni nesi wa zamu ya usiku kwenye hospitali moja huko Mansfield. Zamani tulikuwa Houston, kabla biashara haijanivuta huku juu. Nyuma ya apartment yetu ya Houston palikuwa na bwawa. Akitoka kazini, badala ya kulala anakaa kibarazani na kikombe cha chai anaangalia ndege. Mimi nikajua ni uchovu, utaisha.

Haukuisha. Tulivyohamia huku akanunua darubini. Halafu akanunua darubini nyingine, kwa sababu ile ya kwanza "haina mwanga". Mimi gari langu la kwanza halikuwa na mwanga na nililiendesha miaka.

Akajiunga na kikundi cha waangalia ndege. Wengi wao ni wazungu wastaafu, kofia zina kamba kidevuni, suruali zina mifuko mpaka magotini. Yeye akawaingiza na watu wa kwetu wawili. Wa kwanza ni Wanjiku, nesi mwenzake, Mkenya wa Irving. Wa pili ni Deo, Mrundi tunayesali naye parokia moja, yuko warehouse karibu na airport.

Deo alipoelezwa hiyo kazi mara ya kwanza aliuliza, "Mukishamuona huyo ndege, munamufanya nini?"

Akaambiwa unaandika kwenye group.

"Halafu?"

Halafu unarudi nyumbani.

 Akasema basi atakuja Jumamosi ahakikishe. Mpaka leo hajatoka.

Sasa wakuu, msimu huu majani yanapodondoka ndio sikukuu yao. Ndege wa kaskazini wanakimbia baridi, wanashukia kwetu. Simu ya mke wangu inalia kama ya dalali. Huyu kaona pelican weupe wametua ziwani kundi zima, wale wenye mfuko chini ya mdomo. Yule kaona ndege wenye mkia kama mkasi wamejipanga kwenye nyaya za umeme wanajiandaa kwenda kusini. Mwingine kasikia korongo wa kijivu wakipita juu sana, sauti yao kama mlango wa stoo usiotiwa grisi. Watu wa Houston nao wanarusha mapicha yao ya pwani, eti kwao ndege wana miguu ya rangi ya waridi. Kila mtu na sifa zake.

Mimi hapo ni dereva tu. Nawapeleka, nakaa garini, napiga simu za wateja.

Kitu kimoja lazima mkielewe, la sivyo hamtaona uzito wa hii habari.

Wale watu wanaendesha mambo yao kwa kuaminiana. Ukisema umeona ndege wa kawaida, sawa, wanakupongeza. Ukisema umeona ndege adimu, wanataka picha. Huna picha, basi lazima wengine nao wamuone. Wasipomuona, hakuna anayekuita muongo. Wale ni wastaarabu sana kwa hilo. Wanakuwekea alama ya kuuliza tu mbele ya jina la ndege wako, na inakaa pale kila mtu anaiona.

Mama Neema akawekewa alama ya kuuliza.

Ilikuwa hivi. Asubuhi moja katoka zamu, kapitia kwenye kibwawa kilichopo pembeni ya msitu mdogo hapo hapo Mansfield. Akaona ndege ukubwa wa shomoro, kichwa na kifua chekundu kama kaa la moto, ana mstari mweusi machoni kama kavaa miwani ya jua. Kwa kizungu anaitwa vermilion flycatcher. Huku kwetu kaskazini mwa Texas kumuona si jambo la kila siku. Simu ya mke wangu ilikuwa imeisha chaji, si unajua tena mtu ametoka zamu.

Akaandika kwenye group. Mama mmoja pale, anaitwa Carol, mpole, sauti kama ya mwalimu wa chekechea, akamjibu: inapendeza, ila una uhakika hakuwa cardinal?

Wakuu, cardinal ni yule ndege mwekundu aliyejaa kila uwanja Texas. Kumuuliza muangalia ndege kama hajamchanganya na cardinal ni kama kuniuliza mimi kama najua kutofautisha kochi na kitanda.

Jioni mke wangu aliisoma ile meseji mara tatu, chakula kikapoa. Mimi nikamwambia achana nao, ni ndege tu. Kosa hilo.

Akanijibu, "Baba Neema, wewe mtu akisema umemvunjia kabati na hujalivunja, unalala?"

Silali. Nikaelewa.

Basi zamu ya kuongoza matembezi ya Jumamosi ikamfikia yeye. Mara yake ya kwanza. Anayeongoza ndiye anayechagua mahali, na yeye akachagua kile kile kibwawa cha Mansfield. Akawaandikia wote: njooni, nitawaonyesha. Hakuandika nitajaribu. Aliandika nitawaonyesha. Nadhani hapo kidogo aliambukizwa na mimi.

Jumamosi nikawashusha yeye, Wanjiku na Deo, mimi nikaenda kutafuta pa kuegesha, kwa sababu nilikuja na gari la mizigo na lile si la kuingiza popote. Nikachukua thermos ya chai ya maziwa na mfuko wa maandazi, nikawafuata. Nilitaka kumheshimisha mke wangu. Watu wajue huyu mama ana mume.

Natokea kwenye miti, nawakuta wamesimama mstari mmoja kando ya maji. Wote wamenipa mgongo. Hakuna anayeongea, hakuna anayetikisika.

Sasa nyie wenyewe niambieni. Umelelewa kwetu, kijijini Singida. Unafika mahali watu wazima wamesimama, wengine wana mvi. Unapitaje bila kusalimia? Marehemu bibi yangu angenifufukia.

Nikatoa sauti. "Habari za asubuhi wapendwa."

Halafu nikakumbuka wengine hawajui Kiswahili, nikarudia kwa Kiingereza, kubwa zaidi. Halafu nikaanzia mwisho wa mstari, mkono kwa mkono. Umeamkaje, nyumbani hawajambo, watoto wazima. Kiingereza changu ni cha kubebea makochi lakini kinafika.

Nilipofika mkono wa tatu nikaona mke wangu ameshusha darubini.

Hakuniangalia. Ndio nikajua nimeua mtu.

Kumbe alikuwa amempata. Alikuwa ameshamuona kwenye kijiti ng'ambo ya maji, ndio anawaelekeza wenzake kwa mnong'ono, kushoto kidogo, chini kidogo. Wenzake wako kwenye kutafuta. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemfikia. Mimi na wapendwa zangu tukamrusha.

Wanjiku alinigeukia taratibu. "Wee Baba Neema, hiyo mdomo yako ni ya kutangaza mazishi kwa gari."

Deo yeye aliufuata mfuko wangu. Alichukua andazi moja, akatikisa kichwa, akala.

Wakasubiri. Jua likapanda. Wakaona mabata wa kila namna, wakaona tai, wakaona yangeyange wamesimama na ng'ombe ng'ambo ya uzio, yule yule yangeyange wa kwetu. Mwekundu hakuna. Halafu cardinal akaja, kwa makusudi kabisa, akatua mbele yao akaimba. Carol akamwangalia mke wangu, akatabasamu kwa huruma, akasema hata yeye alipoanza mwanga wa asubuhi ulikuwa unamdanganya.

Mama Neema akasema "asante". Nimeishi na huyo mwanamke, hiyo asante ilikuwa na meno.

Akanijia. Kwa sauti ya chini kabisa akaniambia nikakae pale kwenye benchi na nisinyanyuke.

Nikaenda. Mwenye kampuni, nikatumwa benchi.

Sasa kwenye benchi palikuwa na mzee wa kizungu. Kofia ya cowboy imechakaa, mikono imekunjwa. Nilikuwa nimeshamsikia huyu kutoka kwa mke wangu. Yupo pale kila wakija, hasalimii mtu, hana darubini, wakipita anaangalia pembeni. Kikundi kizima walishaamua kwamba anawachukia. Wanampita mbali.

Mimi mdomo ulikuwa umeshaniponza tayari, na ndege ameshaondoka. Nikasema potelea mbali. Nikamsalimia.

Akajibu neno moja.

Nikamuuliza ameamkaje. Neno moja. Nikamuuliza nyumbani wote wazima. Akasema nyumbani yuko peke yake. Nikampa pole, nikamuuliza watoto. Watoto wako mbali. Nikamuuliza afya. Magoti.

Hapo mtu wa mjini angeishia. Lakini kwetu salamu haijaisha mpaka umeulizia mifugo. Huwezi kumuacha mtu hujamuulizia mifugo, ataona umemsalimia juu juu. Nikamuuliza, mifugo yako haijambo?

Wakuu, yule mzee alinigeukia mwili mzima.

Akasema ana farasi. Mmoja, jike, mzee kama yeye. Akanieleza jina lake, meno yake, anavyokula, anavyosumbuliwa na mguu wa nyuma. Nikamsikiliza, maana baba yangu alikuwa na ng'ombe na najua mtu anavyoongelea mnyama anayempenda. Nikamuuliza nzi hawamsumbui na joto hili la mchana lisiloisha?

Akasema nzi walikuwa tatizo, ila mwaka huu kapata msaidizi. Kuna kadege kekundu kanakaa kwenye uzio karibu na farasi, kanaruka kanakamata nzi, kanarudi palepale. Kametokea wiki zile majani yalipoanza kubadilika. Anakaita Sherifu, yaani askari wa wilaya.

Nikashusha kikombe changu cha chai.

Nikamuuliza nyumba yake iko wapi. Akanyoosha kidole. Paa lilikuwa linaonekana nyuma ya miti ile ile.

Nikamuuliza mbona hajawahi kuwaambia wale watu pale, si wanamtafuta huyo huyo? Akasema anawaona kila mara wana vyombo vya gharama, akajua wanatafuta kitu cha maana. Na hakuna aliyemuuliza.

Anaitwa Earl. Namtaja jina la kwanza tu, na ameniruhusu.

Nikanyanyuka. Safari hii nilitembea kama naingia kanisani nimechelewa. Nikamfikia mke wangu nikamnong'oneza sikioni, mara ya kwanza kunong'ona toka tufunge ndoa. Ndege wako yuko nyuma ya nyumba ya yule mzee.

Akasema, "Baba Neema, leo hapana."

Na hapo ndipo nilipoumia, wakuu. Nisiwafiche. Mimi najulikana kwa kuongea. Nikisema nimebeba friji peke yangu, watu wanagawanya kwa mbili. Siku zote nacheka. Siku hiyo nilihitaji mke wangu aniamini bila kugawanya, na hakuwa na sababu.

Mjiweke nafasi yake. Ameshawaahidi watu mara moja, wamesubiri, wamepewa cardinal. Sasa awaambie twendeni nyuma ya nyumba ya mzee anayewachukia, kwa sababu mume wangu kasema? Asipokuwepo huyo ndege, hata alama ya kuuliza wataifuta, watamfuta na ndege wake.

Deo akasogea, akasema, "Mama Neema, tujaribu. Weye ndiye unaongoza."

Wanjiku akasema yeye hamwamini Baba Neema hata akimwambia leo ni Jumamosi, lakini miguu yake imeganda kusimama.

Mke wangu akaniangalia machoni. Akaniuliza swali moja tu. "Akikamata mdudu anaenda wapi?"

Nikamjibu nilivyoambiwa. Anarudi kwenye nguzo ile ile. Na anakaa chini chini, hapandi juu ya mti.

Uso ukabadilika. Cardinal hafanyi hivyo, ila ndege wake ndiyo tabia yake. Mimi nisingeweza kutunga hiyo, sina elimu hiyo, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Akawageukia watu wake, akavuta pumzi, akasema twendeni. Kabla hajapiga hatua akaenda kwanza kwenye benchi, akampa Earl mkono, akamshika kwa mikono miwili kama tunavyoshika wakubwa, akamwomba ruhusa ya kuingia kwake. Mzee akavua kofia.

Tukaenda. Msafara mzima, suruali za mifuko, tunapita geti la nyuma la mzee Earl. Ametangulia mbele na magoti yake, anatueleza farasi asishtuliwe.

Ili kufika kwenye kibaraza chenye kivuli ilibidi kupitia gereji. Na gerejini kulikuwa na deep freezer la zamani limekaa mbele ya mlango, akasema lipo hapo tangu mwanawe alipoondoka, hana wa kulisogeza.

Wakuu, mnanijua. Umeniwekea freezer mbele.

Nikawaambia piteni ubavuni, hili niachieni. Nikavua koti. Lile freezer lilikuwa na nyama za mwaka gani sijui, zito kama dhambi. Nikaliinamisha, nikalipakia begani nusu, nikalitembeza kona kwa kona kama tunavyofanya. Nilikuwa katikati ya mlango, nimelikumbatia, siwezi kwenda mbele wala nyuma, ndipo nikasikia huko nje wote wamenyamaza.

Kimya cha watu wengi kina uzito wake. Nikajua yupo.

Nikasikia kamera tu. Tiki tiki tiki tiki. Nikamsikia Carol anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Nikamsikia Wanjiku anasema kwa sauti ndogo, "Aki huyu ni mrembo." Deo nikamsikia anataja jina la Yezu, kwa adabu.

Mke wangu nikamsikia ananong'ona tu, kushoto kidogo, chini kidogo.

Nilipoweka freezer mahali pake na kutoka nje nimelowa jasho, nguzo ilikuwa tupu. Farasi ananiangalia. Ndege kavuka uzio, kaenda zake.

Carol alikuwa ameshika simu, anaandika kwenye group papo hapo. Akaisoma kwa sauti. Vermilion flycatcher, dume, ameonwa na wote, aliyempata kwanza ni Mama Neema. Akataja na ile siku ya kwanza, ile ya bila picha. Halafu akamwendea mke wangu akamwomba radhi mbele ya watu kuhusu cardinal. Nampa heshima yake Carol. Wengine wangekohoa tu.

Tukamaliza maandazi kwenye kibaraza cha Earl. Yule mzee anayewachukia watu aliongea mpaka wazungu wenzake wakaanza kuangalia saa.

Njiani tunarudi, tumebaki wawili garini, mke wangu anaendesha kwa sababu mikono yangu ilikuwa imechoshwa na freezer.  Halafu akaniuliza, "Lakini wewe ulimuona?"

Nikamwambia nilimuona vizuri sana. Kuliko wote.

"Mgongo wake rangi gani?"

Nikafikiri haraka. Nikasema mwekundu.

Akaanza kucheka. "Mgongo ni kahawia, Baba Neema." Akacheka mpaka tunaingia Arlington, machozi yanamtoka, ikabidi nimshikie usukani. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu Houston.

Kwa hiyo ukweli niliouahidi juu ndio huu: mimi sikumuona yule ndege. Mpaka naandika uzi huu sijamuona. Watu wote waliokuwepo wamemuona, farasi kamuona, mimi niliyewapeleka nilikuwa nimekumbatia nyama za baridi.

Nilichojifunza. Ukikuta watu wamesimama kimya wameangalia upande mmoja, subiri, salamu haiozi. Lakini ukishaianza, imalize. Usiishie kwa watoto. Fika mpaka kwa mifugo. Kuna mtu amekaa benchi lake mwaka mzima anasubiri kuulizwa farasi wake anaendeleaje, na nyie mnasema ana roho mbaya.

La pili, ukitaka siku moja mkeo akuamini bila picha, punguza mafriji unayobeba peke yako kwenye maongezi. Hili ninalifanyia kazi. Polepole.

Wadau wa Houston, rusheni basi mlichokiona msimu huu, mabwawani na misituni, tuone kama sifa zenu zina picha. Wa Irving, Euless na Mansfield, kama kuna aliyemuona Sherifu karibuni aseme yuko nguzo ipi, nije peke yangu, kimya kimya.

Na yule ID atakayesema "mgongo mwekundu" huko chini kwenye comment, namjua. Nalala naye nyumba moja.